Hirimu Yangu

Nembo yake imetafunwa na mende upande mmoja,
lakini mwaka unasomeka: themanini na tano.
Mimi nilizaliwa Kakoneni mwaka huohuo, wakati wa kupalilia;
yeye akazaliwa Ufaransa, kwenye vilima nisivyovijua.
Tulikutana Malindi, katika stoo isiyo na dirisha
nyuma ya nyumba ya Madamu Solanji.

Miaka kumi na minane nimemlaza ubavu.
Umeme ukikatika nalowesha gunia,
namfunika kama mtoto mwenye homa,
nakaa na tochi nikisoma kipimajoto.
Wenzangu sokoni hunicheka: Mbeyu analea chupa!
Nacheka nao. Kweli nalea.

Kwetu pombe haikulelewa.
Baba alikwea minazi alfajiri na alasiri,
kisu kiunoni, kibuyu begani,
na alichokishusha asubuhi kilikuwa kitamu, hata sisi watoto tulionjeshwa;
adhuhuri kimechangamka,
magharibi kinatukana watu,
kesho yake ni siki, mama anatilia kachumbari.
"Tembo halina kesho," baba alikuwa akisema,
"ndiyo maana halina choyo."

Jana madalali walikuja kupima ukumbi kwa kamba.
Walipoondoka Madamu akaniambia:
Mlete.

Nilikuwa nimemsimamisha tangu juzi, mashapo yatulie,
maana nilijua, nyumba ikiuzwa hata stoo huaga.
Kizibo kilitoka nusu, nusu kikang'ang'ania;
nikakichokoa kwa ncha ya kisu, taratibu,
kama mtu anayetoa mwiba kwenye unyayo wa mwanawe.
Nikammimina mbele ya mshumaa
hadi vumbi lake lilipochungulia shingoni,
hapo nikakoma.
Hakuwa tena na ule wekundu wa kujisifu.
Ukingoni mwa glasi alikuwa rangi ya tofali kuukuu.

Madamu akainama, akavuta pumzi.
Akavuta tena.
Akaiweka glasi mezani bila sauti.
Tangu ile homa ya mwaka wa barakoa
pua yake ni mlango uliopigwa misumari.
"Mbeyu," akasema, "nisomee."

Nami maneno ya Kifaransa sina.
Nikanusa, nikatafuta katika kapu langu mwenyewe.

Zambarau, Madamu. Zile zilizoanguka zikakaukia mchangani.
Mkoba wa ngozi wa fundi viatu.
Tumbaku ya bibi, kabla hajaitia mdomoni.
Na udongo wa Ganda, mvua ya kwanza,
dakika ile vumbi halijaamua kuwa tope.

Akafumba macho. "Endelea."

Nikanywa. Hakunirukia kama tembo la jioni.
Aliingia kama mgeni mwenye adabu,
akavua viatu, akakaa ulimini,
na nilipodhani ameondoka, bado alikuwa anazungumza.
Ukwaju, mbali sana. Moshi wa jiko lililozimwa jana.
Kisha kama sanduku la nguo za marehemu likifunguliwa:
majonzi, Madamu, lakini yamekunjwa vizuri.

Akacheka huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni.
"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo."

Lakini chini kabisa, nyuma ya zambarau na ngozi,
nilisikia harufu niliyoijua kabla sijajua kusoma:
uchachu mwembamba,
kidole kimoja cha siki kikibisha hodi.
Arobaini yake ilikuwa imefika magharibi.
Mtoto wa mgema hadanganyiki.

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Mimi niliyesifu sikutia kitu.
Nilipunguza neno moja tu,
nikalimeza pamoja na funda la pili,
nikaijaza glasi yake, kisha yangu.

"Tunywe, Madamu," nikamwambia.
"Huyu tusimwekee kesho."