Dirisha la Nne

Milioni sita za shemeji Mwinjuma zililala
wiki tatu kwenye akaunti yangu, kama mgeni,
zikapigiwa muhuri wa benki, zikarejea kwao Kariakoo.
Barua ya mwajiri ninayo. Hati ya kiwanja Chanika ninayo.
Picha: ukuta mweupe, masikio yote mawili nje.

"Una ndugu kule?"

Nikamkumbuka Tunu: viza ya siku thelathini,
mwaka wa sita huu anaogesha wazee wa watu.
Mama tulimzika Kisutu, yeye akilia ndani ya simu
mpaka chaji ikamwishia.

"Sina," nikasema.

Akafunua karatasi, taratibu, kama anayemenya kitunguu.
"Na huyu mwenye anuani kama yako?"

Kiyoyozi kinavuma. Jasho langu halina habari.