Herufi Bubu

Mwalimu wangu Nusra ana miaka kumi na saba.
Mimi nina arubaini na sita, mto wa sakafuni,
na daftari la jalada la kijani lililobaki
tangu nilipokuwa naandika hesabu za mashuka
kule hotelini Shanzu, kabla hawajafunga lango.

Sasa nauza viatu nisivyoviona
kwa watu nisiowaona, wa Ohaiyo,
saa tatu za usiku hadi alfajiri,
chumba cha juu, nyuma ya soko la Kongowea,
feni ikizunguka kama mtu aliyesahau alichojia.

"Si wota, shangazi. Wara.
Hiyo te imeze, kama tembe."
Nameza. Maji yananikwama.

Somo la kwanza lilikuwa deni.
Deni lao wanaliandika na b ndani yake
halafu hawaitamki.
Nilicheka hadi Nusra akanuna.
Mwanangu, mimi nadaiwa dukani kwa Shekue
tangu Mfunguo Sita.
Tukikutana twaamkuana, twaulizana hali za watoto,
na b iko pale katikati yetu,
kila mmoja yuwaiona,
hapana aitamkaye.

Siku ya mafunzo, bwana mmoja kutoka Nairobi
alitwambia tutoe ulimi baina ya meno.
Wenzangu wakatoa, wakatema, wakajiuma.
Ulimi wangu ulishapelekwa huko zamani
na henzirani ya Maalim Badi,
kwa thawabu, kwa dhambi,
kwa tasbihi thelathini na tatu.
Nikalisema neno lake mara moja, likatoka safi.
Akaniuliza nimesomea ng'ambo gani.
Ng'ambo ya Likoni, nikamjibu.

Na pumzi yao ya p na ya k sikuinunua.
Bibi yangu alikuwa na kaa la moto na kaa wa mikokoni,
akiwatenganisha kwa pumzi tu.
Ukikosea, atakuuliza
leo wapika mchuzi wa makaa?

Maneno ya vijana ndiyo yaliyonitoa jasho.
"Umechinja," mmoja aliniandikia;
nikaitazama mikono yangu.
"Hakuna kofia," maana yake ni kweli tupu.
Nayaandika yote daftarini.
Nusra yuwasema nisijisumbue na wino,
ikifika Ijumaa yatakuwa yamezeeka.

Kisha usiku ule wa Keri.
Alikuwa ameletewa viatu viwili, vyote vya kushoto.
Nikamwomba radhi, nikamuuliza kwa adabu
kama nyumbani kwake hakuna mwingine
mwenye miguu miwili ya kulia.
Akajibu: "Nimekufa."
Na kando ya neno, fuvu dogo jeupe.

Saa nane za usiku.
Nilisimama. Nikaketi.
Nikaandika, herufi kwa herufi, pasi na kosa hata moja,
poleni wafiwa,
Mungu awape subira.

Kimya.
Halafu mafuvu kumi na moja, yamejipanga safu
kama watu kwenye foleni ya maji.

Asubuhi Nusra alijishika mbavu, akagaragara mkekani:
"Shangazi, ni kicheko! Wao wakicheka sana, hufa!"
Na mama yangu, ambaye Kiingereza chake
kinaanza na kuishia gudimoning,
akapaza sauti huko jikoni:
"Kwani sisi hatufi kwa cheko?
Mimi nimekufa mara ngapi humu ndani,
na sanda hamjaninunulia."

Nikalitafuta ukurasani neno "kufa",
nikaandika mbele yake: *letu pia.*

Mwisho wa mwezi mshahara uliingia kwa simu.
Nikateremka hadi dukani,
nikaziweka noti kando ya mizani ya sukari.
"Debti," nikamwambia Shekue,
na b yake yote, nzito, kama mlango.
Alinitazama kwa juu ya miwani.
Akalamba kidole, akahesabu, akahesabu tena.

"Bado mia mbili," akasema.