Elfu Tatu

Nyumba yetu ya Mabibo ina vyumba sita
na mita moja ya umeme.
Mkusanyaji wa hela ni mimi.
Jina langu Sikujua, na wapangaji hunitania:
"Sikujua, umejua zimebaki uniti ngapi?"

Mwezi wa nne nilimwambia Ambakisye, fundi friji, chumba cha nyuma,
alipe elfu nane badala ya tano.
"Friji lako linakula," nikasema.
Friji lenyewe gofu, limesimama barazani halina mota,
mwanawe Tusajigwe anatunzia humo madaftari.
Akalitazama friji. Akanitazama mimi.
Akahesabu noti moja moja, akanipa.

Laiti angegomba!
Angegomba ningekuwa mwizi tu, basi,
nikalala.

Usiku uleule nikaanza kusikia kikohozi chake.
Miaka miwili tumepakana ukuta, sikuwahi kukisikia.
Asubuhi nikaziona kandambili zake, moja ya bluu, moja ya kijani:
mtu mzima, hana hata haya.
Nikaona anavyosalimia ameinama
kama mwenye deni.
(Mwenye deni nani?)
Nikawa namchambua kama mchele kwenye ungo,
ila mimi nilimwaga mchele, nikaweka mawe.
Kufika mwezi wa sita mawe yalitosha msingi,
nikamwambia Mama Fikirini pale bombani:
"Yule ananyonya umeme wa watu."
Na nikajisikia nikiamini.
Wallahi, niliamini.

Vuli ikaja. Usiku mmoja wa mvua akabisha,
Tusajigwe begani, kifua kimembana.
"Dada, naomba mwavuli."
Mama Fikirini ameshachungulia, mumewe nyuma yake.
Ningesema sina?
Mwavuli unaning'inia mgongoni kwangu, mwekundu, wanauona.
Nikautoa. Na kwa kuwa macho yalikuwa mengi
nikachukua na flaski,
na kwa kuwa nimeshika flaski nikajikuta nje,
na bajaji ilipofika nikajikuta ndani yake,
mtoto mapajani, pumzi zikipiga filimbi
mpaka hospitali ya Palestina, Sinza.

Sikwenda kwa upendo. Naomba hili lieleweke.
Nilikwenda kwa sababu mkono ulishanyooka,
na mkono ukishanyooka mbele za watu
ni aibu kuukunja.

Tulikaa kwenye benchi hadi adhana ya alfajiri.
Akanieleza paa la chumba chake linavuja,
mahali pakavu ni ndani ya friji tu.
Mwenye kukusanya hela za nyumba ile ni mimi,
na sikujua.

Tangu siku hiyo kikohozi ni kilekile, ukuta uleule,
lakini nakisikia kama mtu anayebisha hodi polepole
asiwaamshe wengine.
Kandambili zilezile.
Nikiziona nasema: huyu hatupi kitu kingali kinafaa.
Nimempelekea uji. Kesho yake tena.
Kila bakuli linalokwenda, linarudi na sababu.

Yeye hajabadilika hata shati.

Siku zote nilidhani moyo ndio bosi,
unakaa ofisini unatoa amri.
Kumbe wangu ni karani:
unafika saa nne, umechelewa,
unakuta mikono imeshafanya ilichofanya, chema au kiovu,
nao hauulizi, unavuta faili,
unagonga muhuri: *Ilistahili.*

Mwezi huu nimeongeza elfu tatu yangu kwenye umeme.
Kumpa mkononi nimeshindwa. Nikimpa mkononi
lazima niseme ni ya nini.
"Umeme umedumu safari hii," akasema Ambakisye.
"Labda wameshusha bei," nikasema.

Akalitazama friji.
Tusajigwe akapita katikati yetu, akalifungua,
akatoa daftari la hesabu,
akaufunga mlango vizuri, akausukuma kwa goti,
kama vile kuna baridi humo ndani
ya kulinda.