Chupa ya Evariste

Evariste alishuka Kibirizi na boti ya Bujumbura,
amekumbatia chupa kama mtoto mwenye homa.
"Divai nyeupe, ya Ufaransa. Inywewe baridi."
Baridi! Gungu, siku ya tatu bila umeme.
Tukaizika kwenye barafu ya samaki
hadi shingo yake ikatoka jasho.

Kizibuo hatukuwa nacho. Kizibo tulikisukuma ndani
kwa mpini wa mwiko, kikabaki kinaelea.

Nilikuwa nimeunga migebuka kwa mawese, kwa fahari.
Funda la kwanza likapotea humo
kama mgeni aliyebisha hodi ngomani.
Evariste akainamisha macho.
Mama mkwe, Nyanzira, hakuinamisha kitu:
"Maji ya betri."

Ndipo nikamkumbuka kuhe wa mkaani,
chumvi tu, ngozi imepasuka.
Tukajaribu tena.
Loo, ulimi ukasimama wima!
Embe changa, jiwe lililonyeshewa,
na kwa mbali chumvi ya bahari nisiyoijua,
mimi wa ziwa lisilo na chumvi.
Na dagaa wakavu wa kukaanga, wale wa kutafuna na vichwa,
hapo hatukuzungumza.

Nyanzira akasogeza kikombe cha bati mara ya tatu.
"Hii," akasema, "ni ndimu iliyosoma."

Chupa iko jikoni hadi leo.
Nimeijaza mawese.
Kifuani bado ina Kifaransa chake,
na kizibo kile, chekundu sasa,
kinaelea juu, hakitaki kuzama.