Mkono Uliobaki

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa
mkono wangu wa kushoto ni mali ya mashine.
Nesi Eliamini anaulaza juu ya mto
kama mtu anayelaza mtoto wa jirani,
sindano ya kutoa damu, sindano ya kuirudisha,
"Mama Aikande, huu usiutikise,"
basi nabaki na mmoja.

Saa nne.
Sisemi saa nne ya chai,
nasema saa nne za kuhesabu vigae vya dari,
themanini na vinne, na kimoja kina doa.
Dirishani mlima umejifunika shuka,
leo nao hautaki wageni.

Aikande akanipakulia michezo kumi na mmoja.
"Chagua, mama."

Kuchagua nakujua.
Miaka kumi na tisa Kiborloni nimefungua mabelo,
gauni nalipindua, nakagua kwapa,
zipu, pindo, kifungo kilichotoroka,
rangi nzuri hainibabaishi.
Na michezo nikaikagua hivyo hivyo.

Wa magari unataka simu ilale
na gumba mbili, moja usukani, moja breki.
Nililala mtaroni kabla ya kipilefti cha kwanza.

Wa mpira:
mshambuliaji wangu alikimbia, akakimbia,
akawapita wote, akalipita na goli,
maana kidole cha kupiga
kilikuwa kimelala juu ya mto.

Wa kulima ulinifuata mpaka usiku,
"Mimea yako ina kiu!"
Mimi ninayepimiwa nusu lita kwa siku,
ninayenyonya kipande cha barafu kama pipi,
nimwagilie kabichi ya uongo?
Nikaufuta kwa hasira.

Wa peremende ulinitosha mkono,
ila kila hatua tangazo,
na kialama cha kulifunga kiko pembeni juu, kushoto kabisa,
mbali na gumba langu
kama Rombo kwa miguu.

Kitanda cha kulia kwangu
alikuwa Mzee Kanuti, mwonja kahawa mstaafu,
yeye mashine imemshika mkono wa kulia.
Aliniangalia nikifuta, nikifuta.
"Drafti," akasema.
"Tangu lini drafti ikataka mikono miwili?
Wa pili ni wa kushikia soda, na soda tumekatazwa."

Simu tukaiweka juu ya meza ya dawa, katikati yetu.
Mkono wangu wa kulia, wake wa kushoto.
Ukitutazama kutoka mlangoni
ungesema ni mtu mmoja mpana
anayegombana na nafsi yake.

Anakula tatu kwa mpigo, mzee yule,
halafu anaomba radhi.
Nikiacha kula ananikumbusha: lazima ule.
Mashine ikipiga kelele tunasimama,
mchezo unatungoja, haudai, haununi,
na hiyo ndiyo sifa niliyokuwa naitafuta
bila kujua jina lake.

Ijumaa hii kitanda chake kina kijana,
bandeji mpya, gari lake tayari mtaroni.
"Huo achana nao," nikamwambia,
"mchezo unakaguliwa kwapa kwanza."
Alinitazama kama mgonjwa wa wodi nyingine.

Mzee Kanuti amehamishiwa zamu ya mchana,
akasema Nesi Eliamini, bila kuulizwa.
Kwenye simu kete zilikuwa pale pale tulipoziacha Jumatano,
zangu tano, zake saba na kingi,
na maandishi madogo: *zamu ya mpinzani*.

Saa tano wakanichomoa.
Sikwenda Kiborloni.
Nilikaa benchi la nje, pamba imebanwa mkononi,
jua likasogea kutoka viatuni hadi magotini,
mpaka saa saba kasorobo
alipoingia na kofia yake ya sufi,
mikono yote miwili iko huru, inaning'inia tu.

Sikumsalimu. Nilimnyooshea simu.
Akaisoma, akacheka kwa pua,
akaupeleka mkono wa kulia mfukoni,
akasukuma kete kwa kushoto.