Ukurasa wa Arobaini na Moja

Duka lilikuwa la mchinjaji. Kulabu bado ziko darini,
na vigae vyeupe ukutani huoshwa kwa ndoo moja tu.
Gundula Petzold ameweka meza pale zilipokatwa mbavu,
na juu yake vitabu ambavyo Halle imevisahau
kama mtu anavyosahau jina la mpangaji wa juzi.

Yeye huvichapa upya. Nakala mia mbili, si zaidi.
Mwaka jana aliuza kumi na moja za mahubiri ya mfuga nyuki,
tatu za safari ya kinyozi aliyefika Riga akarudi,
na moja ya tamthilia. Hiyo aliinunua dada yake.
Mhasibu, Bwana Wendelken, huja kila Machi,
hupiga hesabu, huvua miwani, huomba chai.

Safari hii ni zamu ya Apollonia Kreyssig,
mjane wa mchemsha chumvi, mwaka wa 1787.
Alichapwa mara moja. Kisha wauza samaki
wakamchana karatasi karatasi kufungia bidhaa,
chumvi ikarudi kwenye chumvi.
Nakala iliyosalia Gundula aliikuta maktabani,
kurasa zingali zimeshikana ukingoni
vile vile mchapaji alivyozikunja, hazijawahi kupasuliwa.
Unaelewa maana yake? Zaidi ya miaka mia mbili
mjane huyu amesimama mlangoni
na hakuna aliyemkaribisha kupita ukurasa wa kumi na sita.
Hata mume wa pili. Hata mchungaji aliyeandika dibaji.

Mkutubi akaleta kisu cha mfupa.
"Nikate mimi, au wewe?"
Gundula akavua pete kwanza.
Sauti ilikuwa ndogo, kama ganda la mkate mkavu,
na vumbi lililofumuka, vumbi la karne nyingine,
likampiga chafya tatu.

Kwa mizani zetu, ubeti aliouona ungesimama hivi:

   Nimechemsha kisima, chumvi ikaganda chini,
   Mume akiwa mzima, hakuniuliza nini,
   Leo naandika wima, karatasi i pipani,
   Anionjaye kwa hima, atanitema njiani.

Kazi ngumu ni herufi. Zile za kale zina miiba,
na s yao ndefu hujifanya f, ikasimama kama f,
ikakosa kijiti kimoja tu, tena kidogo.
Mashine haina subira, husoma ipendavyo:
mwanamke anasuka, yenyewe yaona anafuka;
anakusumbua, yenyewe yadhani anakufumbua.
Ndipo Eilert, kijana wa ghorofani aliyeacha chuo,
husoma kwa sauti, neno kwa neno,
Gundula akifuata kwa kidole
mpaka tramu ya mwisho itikise vikombe.

Kitabu kikatoka Novemba. Kimya.
Kimya cha jiwe ulilotupa kisimani,
ukasubiri mlio, ukasubiri,
ukaanza kushuku kama mle ndani mna maji.
Machi, Bwana Wendelken. Chai.

Halafu Aprili, bahasha kutoka Husum,
mwandiko wa mkono uliokasirika:
"Ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa tisa,
mmeweka f mahali pa s. Ni aibu.
Mjane yule asingekosea hivyo.
Wiebke Thormählen, mwalimu mstaafu."

Gundula aliisoma amesimama. Akaisoma tena.
Akamwita Eilert ashuke hata kama hajavaa viatu.
"Kosa ni langu," Eilert akasema.
"Arobaini na moja," Gundula akasema.
"Nilikuwa na usingizi ule usiku, nitaandika kuomba—"
"Eilert. Arobaini na moja."

Kisha akapanda kigoda
akaitundika ile barua kwenye kulabu
pale mafuta yalipokuwa yakidondoka.