Yai la Bibi Sekela

Ibada imekwisha, ukungu bado umekaa
juu ya bati la kanisa kama mgeni asiyeaga.
Tumetoka nje, tumesimama kwenye majani yenye umande,
masweta yetu yananuka moshi wa jana,
na mbele yetu meza ya mnada:
viazi debe mbili, njegere,
jogoo aliyefungwa kwa kamba ya katani,
tenga la mianzi, mbao tatu za msindano.

Mimi ndiye mtunza hazina. Daftari langu lina safu nne:
kitu, mnunuzi, bei, sahihi.
Juu nimeandika kwa kalamu nyekundu, neno zima, herufi kubwa,
MFUKO WA WAGONJWA NA YATIMA WA UKIMWI,
na mkono haukutetemeka.

Zamani ulitetemeka.
Zamani kwetu Makete watu walikufa kwa kifua,
kwa malaria iliyokataa dozi, kwa jicho la jirani,
kwa upepo mbaya waliokutana nao
wakitoka kupasua mbao.
Juu ya kaburi la mdogo wangu Lutengano
nilisimama mimi, kwa kinywa hiki, nikasema: homa.
Mhubiri akasema: mshahara.
Tukaitikia amina
tukarudi nyumbani kuficha maradhi mengine,
hadi kilio kikatuumbua nyumba kwa nyumba,
hadi pareto ikakosa wachumaji.

Basi leo amekuja Bibi Sekela Ilomo,
wajukuu watano, jozi tatu za viatu.
Jina lake ni la nne katika orodha ya watakaopewa.
Amefungua ncha ya kitenge, ametoa yai.
Moja.
Mzee wa kanisa akaninong'oneza:
"Mwambie arudi nalo. Huyu ni wa kupokea."
Nikageuka. Bibi alikwisha kuliweka mezani,
amelizungushia nyasi lisibingirike.

Zebedayo Chaula, dalali wetu, besi ya kwaya,
akalinyanyua kwa vidole vitatu.
"Yai! Bado lina joto! Nani?"
Mia mbili, akasema mwalimu, na nalirudisha.
Mia tano, mama wa kioski. Nalirudisha.
Elfu, fundi cherehani. Lirudi.
Elfu tatu, dereva wa lori la mbao, asiyesali hapa,
aliyesimama kupoza injini tu.
Likapita mikono iliyopasuka kwa baridi,
mikono ya jembe na msumeno,
na hakuna aliyelibana.
Mara kumi niliandika: yai, yai, yai.
Kalamu ikaganda, nikaipulizia pumzi,
nikapiga hesabu pembeni:
nauli za wanne hadi hospitali Bulongwa, kwenda na kurudi,
unga wa ulezi, madaftari,
na mbao za jeneza moja, maana hatujidanganyi.

Mara ya kumi na moja Zebedayo hakuita bei.
Akaingiza mkono mfukoni mwa koti,
akatoa noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne,
akaiweka juu ya daftari langu.
"Hili silirudishi," akasema, na besi haikuwepo.
"Nichemshieni. Nina vidonge vyangu. Saa mbili imeshapita,
na tumbo tupu linavikataa."

Jogoo alisikika akivuta kamba.
Mkewe alitazama viatu vyake, kisha akanyoosha shingo
akatutazama sisi, mmoja mmoja,
kama anayehesabu kura.
Hakuna aliyeanzisha pambio. Hakuna aliyesema amina.
Bibi Sekela ndiye aliyetangulia kujongea:
akavuka uwanja na yai lake lisilo lake tena,
akaingia jiko la akina mama,
tukamsikia akipasua kuni, akiyagombeza mafiga.

Nikaandika mstari wa mwisho:
yai, Z. Chaula, elfu tano, halikurudi.
Nikalifuta hilo neno la mwisho; safu ile ni ya sahihi.
Akaitia, polepole, jina zima.

Moshi ukatoka dirishani ukajichanganya na ukungu,
na kutoka jikoni sauti ya kikongwe ikauliza
kama kuna mtu ana chumvi.